Dume la MaJola

MaJola alikuwa amemwagilia tena. Nosakhele aliporudi kutoka kumpeleka mtoto shule alifungua mlango wa kijichumba cha nyuma, akakanyaga ndani, na soksi yake ikalowa papo hapo. Ndoo tatu za rangi, zilizotobolewa matundu chini, zilikuwa zimekaa kwenye masinia yaliyojaa maji hadi ukingoni. Mimea ya bangi iliyokuwa ndani yake, iliyokwisha kumfika kifuani, ilikuwa imeinamisha majani kama mbwa aliyefokewa.

"Jamani, Mama," alisema, na alithubutu kusema kwa sababu alikuwa peke yake.

Mama mkwe haambiwi kitu. Hilo Nosakhele alifundishwa siku ya harusi yake, wanawake wa ukoo wa mumewe walipomketisha mkekani nyuma ya mlango, wakamfunika shali mabegani, wakampa jina jipya la Nosakhele na masharti marefu kama barabara ya kwenda kijijini kwao mume, Lusikisiki. Asimwite mkwe kwa jina. Asipite mbele yake kichwa wazi. Asimbishie. Yeye mtoto wa akina Mofokeng wa Sebokeng, msichana aliyezoea kujibizana na baba yake mezani, aliitikia "ndiyo" kwa kila sharti, na tangu siku ile aliyashika yote kwa moyo mmoja kwa sababu alimpenda mumewe na alitaka kupendwa na kwao.

Kwa hiyo hakusema. Aliinua ndoo moja moja, akamimina maji ya masinia kwenye beseni, akaigeuzia feni ile mimea ili udongo upate hewa, akapiga deki. Kisha akatoka akinyata, mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

MaJola alikuwa jikoni anachambua maharagwe. "Umetoka kuwaona wanangu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Wanaendeleaje?"

"Wameshiba, Mama."

"Vizuri," alisema MaJola, akaridhika kabisa.

* * *

Jioni ile walikula umngqusho, mahindi na maharagwe yaliyopikwa mpaka yakalainika kama siagi, na Zwelakhe akaanza wimbo wake wa umeme. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana moja pale Vosloorus, mtu mpole, ila kuhusu umeme alikuwa na uchungu.

"Umeme nilionunua Jumatatu umeisha leo," alisema. "Hiyo mimea inakula kuliko mimi."

"Wewe ulikula zaidi," mama yake alimjibu, "na hukuwahi kunukia hivyo."

Mtoto Lwandle alicheka hadi maharagwe yakamtoka puani. Zwelakhe mwenyewe ndiye aliyeileta ile taa, akaitundika kwa mnyororo darini, akabandika kuta zote karatasi ya fedha ile ya kuokea nyama. Upepo wa msimu uliopita ulipoezua paa la mama yake kijijini, alikwenda kumchukua, na mama alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba apewe mahali pa kupanda. Uani hapakufaa. Baridi ya huku inagandisha hata maji ya mbwa, na sheria inamruhusu mtu mzima kupanda kwa matumizi yake mwenyewe, mradi wapita njia wasione. Basi stoo ikahamishwa, baiskeli mbovu ikauzwa, mimea ikapata chumba kabla mtoto hajapata cha kwake.

"Haya, makoti," alisema MaJola, akimwita kama mke wa mwana anavyoitwa kwao, "mwalimu wako wa kwenye simu anasemaje leo?"

Nosakhele aliinamisha uso, lakini alikuwa anatabasamu. Mwalimu alikuwa kijana mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyefundisha kwenye simu namna ya kukuza bangi ndani ya nyumba. Nosakhele, ambaye maishani mwake hakuwahi kukuza hata kitunguu, alimsikiliza kila siku akishona sare za shule, na alikuwa amegundua kwamba neno ambalo makoti hawezi kulisema, mwalimu anaweza.

"Anasema tuinue taa kidogo, Mama. Anasema uweke kiganja juu ya majani ya kileleni. Mkono ukiungua, ujue na wao wanaungua."

"Hilo kweli. Huyo kalelewa na mtu. Na nini tena?"

"Anasema..." Nosakhele alimtazama mumewe, mumewe akajifanya anatafuta chumvi. "Anasema watu wengi wanaoanza huua mimea kwa maji. Anasema utie kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu mpaka kwenye fundo la pili la kidole ndipo umwagilie. Na uinue ndoo. Ikiwa nyepesi, ina kiu. Ikiwa nzito, iache."

MaJola alitafuna polepole. "Mwambie mwalimu wako kwamba kwetu mmea unakunywa mto mzima na unakuja kuomba mwingine."

"Nitamwambia, Mama."

"Na samadi ya ng'ombe nayo alisema nini?"

"Alisema ikiwa mbichi inachoma mizizi, Mama. Ioze kwanza."

"Mwanaume hajawahi kuwa na ng'ombe huyo," alisema MaJola, lakini lile gunia la samadi alilosafiri nalo basi zima, abiria wakiziba pua njia nzima, hakulifungua tena.

* * *

Mimea ilinenepa licha ya upendo wote ule. Saa za taa zilipopunguzwa, mwanga kwa muda wa saa kumi na mbili na giza kwa muda kama huo, ikaanza kuonyesha maua, na giza hilo Nosakhele alililinda kama usingizi wa mtoto mchanga. Mwalimu alisema mwanga kidogo tu wakati wa giza unaivuruga mimea hata isahau ilichokuwa inafanya. Alitandika blanketi chini ya mlango. Zwelakhe alikatazwa kufuata bisibisi zake mle baada ya saa kumi na mbili jioni.

Alhamisi MaJola alivaa koti lake jekundu na kofia nyeupe, akaenda kwenye ibada ya akina mama wa kanisa. Nosakhele alibaki na cherehani na simu. Somo la siku ile lilimshtua. Mwalimu alisema uangalie pale tawi linapoungana na shina. Jike lina nywele mbili nyeupe. Dume lina vifuko vya mviringo, vimening'inia kama vizabibu vichanga. Ukikuta dume ling'oe siku hiyohiyo, usilionee huruma, kwa sababu vifuko vikipasuka chavua itaruka chumba kizima, majike yatajaa mbegu, na kazi yako yote imekwenda na maji.

Nosakhele alikimbilia kijichumbani. Majike mawili yalikuwa na nywele zake nyeupe. Ule mmea wa tatu, mrefu kuliko wenzake, ulioinama kidogo kwa maringo, ulijaa vizabibu kutoka juu hadi chini, na viwili vitatu vilikwisha kuanza kufunguka.

Alitoka uani na simu mkononi. Jirani yake Puleng alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta.

"Puleng, nimechelewa! Kuna dume mle ndani."

"Ndani kwako? Zwelakhe yuko kazini, na wewe unapiga kelele?"

"Acha utani. Ni bangi ya Mama. Likipasuka litaharibu yote, na Mama anaitaka ya kuchulia miguu yake. Kila siku analalamikia miguu."

"Si umsubiri umuulize?"

"Nimuulize? Nimwambie mama mkwe kwamba mmea wake mkubwa ndio mbovu?"

Puleng alibana pini kwenye shuka, akafikiri. "Basi ling'oe. Akiuliza, sema lilioza. Kwa maji anayomimina yule, nani atabisha?"

Wakacheka wote wawili, Mungu awasamehe. Nosakhele alirudi ndani, akalishika dume shinani kwa mikono miwili na kulivuta. Mizizi ilitoka na udongo wote. Alilikunja likaingia kwenye mfuko mweusi wa taka, akaufunga, akautumbukiza pipani. Kesho ilikuwa siku ya lori la taka. Siku nzima alishona akiwa na furaha ya mtu aliyemwokoa mwenzake bila mwenzake kujua.

MaJola alirudi jioni amechoka, taa ya mimea imeshazimwa, akanywa chai, akaenda kulala.

* * *

Asubuhi Zwelakhe alilisukuma pipa hadi barabarani, akampandisha Lwandle kwenye gari la rafiki yake, wakaondoka. Nosakhele alimletea mama mkwe chai kwa magoti na mikono miwili kama kawaida. MaJola alikuwa bado na gauni la kulalia, kichwa wazi, uso wake umechangamka kuliko siku zote.

"Keti, makoti. Jana kanisani nimekutana na mtu wa kwetu. Unajua kaniambia nini? Kijiji kizima sasa wanapanda mbegu za kununua. Ya zamani hakuna mwenye nayo. Bibi wa mwisho aliyekuwa nayo alizikwa wakati wa Pasaka, na wajukuu wake wamepanda mpya juu ya ile ile bustani." Alipuliza chai. "Kwa hiyo imebaki yangu. Ile iliyokuwa mfukoni mwangu. Panya walikula nyingine, nyingine zilikataa kuota, zikaota hizo tatu. Nilikuwa sitaki kusema, kwetu hatutaji mbegu kabla haijakauka. Lakini usiku sikulala kwa furaha. Mungu kanipa majike mawili na dume moja. Lile dume liko tayari, makoti! Leo nazima feni, naliacha liwapake wake zake, halafu tunakaa tunangoja mbegu."

Nosakhele hakusikia tena. Masikio yake yalikuwa yanavuma, na ndani ya mvumo ule akasikia mngurumo mwingine, wa kweli, unaokata kona ya mtaa wa pili. Lori.

Maneno aliyopewa na Puleng yalikuwa tayari mdomoni. Lilioza, Mama. Yangetoka kwa urahisi, na mzee angejilaumu mwenyewe na jagi lake la maji mpaka anaingia kaburini. Nosakhele alimtazama yule mama, mvi zake nje asubuhi ile, mashavu yake yamejaa kicheko, akaona hawezi.

"Nimeling'oa," alisema. "Jana. Mama, nimeling'oa mimi. Mwalimu alisema dume linaharibu. Nilidhani unataka maua kwa ajili ya miguu. Sikujua mbegu. Sikukuuliza."

Kikombe kilitulia hewani.

"Liko wapi?"

"Pipani."

Lori liliingia mtaa wao. Nosakhele aliinuka, shali likaanguka, akafungua mlango na kukimbia. Alikimbia na ndara moja, kilemba kinamfunguka, akipita mbele ya nyumba za watu waliokuwa wanafagia, makoti wa heshima wa ukoo mzima, anapiga kelele: "Simameni! Kaka, simameni!" Pipa lao lilikuwa limekwisha kumiminwa. Vijana wa taka walikuwa wanarukia nyuma ya lori.

"Kuna nini, sista? Umetupa pete?"

"Mfuko! Mfuko mweusi!"

"Sista, yote humu ni mifuko myeusi."

Alipanda mwenyewe. Aliingiza mikono kwenye maganda ya viazi, majivu na nepi za watoto wa watu. Dereva alipiga honi. Majirani walitoka. Mama Gumede, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alisimama getini na ufagio wake, akaona kila kitu. Hapo ndipo sauti nyingine ilipasua barabara.

"Dereva! Ukilisogeza hilo gari utanikanyaga mimi kwanza!"

Alikuwa MaJola, na gauni la kulalia, bila kitambaa kichwani, amesimama mbele ya lori kwa ile miguu mibovu aliyoilalamikia miezi yote. Dereva akazima injini.

"Umelipata, mwanangu?"

"Bado, Mama!"

"Nusa! Tumia pua!"

Kijana mmoja wa taka, kwa kuwa naye alikuwa na mama nyumbani, aliingia kumsaidia, na ndiye aliyeuinua mfuko, akaunusa, akaangua kicheko. "Mama, hii pete yako inanukia vizuri sana."

"Ni yangu, na naikuza chumbani kwangu," alisema MaJola, akiupokea kifuani mbele ya mtaa wote na Mama Gumede. "Mungu akubariki. Sasa ondoeni lori lenu, mnanuka."

* * *

Jikoni MaJola alifungua mfuko. Dume lilikuwa limenyauka, limekunjika, majani yameshikana kwa unyevu. Nosakhele alisimama mlangoni, amejaa majivu hadi viwikoni, na machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta.

"Kisu," alisema MaJola.

Alikata matawi kwa mshazari, yale yenye vifuko vinene tu, akayatumbukiza kwenye chupa ya jamu yenye maji, akaiweka dirishani kwenye mwanga, chini yake akatandika sahani nyeupe. Kisha akafanya kitu ambacho Nosakhele hajawahi kukiona. Aliketi sakafuni, pale pale ambapo makoti hukaa, akanyoosha miguu yake.

"Litafufuka, Mama?"

"Sijui. Likinywa litafungua. Lisiponywa, basi." Alimgeukia. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Makoti hamuulizi mama mkwe."

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Ninyi, Mama. Siku ya harusi. Mliniweka nyuma ya mlango. Wewe ndiye uliyelishika shali."

MaJola aliutazama mlango. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Nosakhele alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko chenye maumivu ndani yake. "Ni kweli. Nililishika mimi." Akajifuta macho. "Na mimi kosa langu, niliona mwiko kutaja, nikadhani kila mtu anajua. Kwetu hata mtoto anajua dume ni la mbegu. Nikasahau wewe si wa kwetu."

Alipomwona Nosakhele ameinamisha uso, akaongeza haraka, "Nimesema vibaya. Njoo ukae. Na tangu leo ukiona kitu, sema. Unadhani sijui unamwaga maji yangu? Nusu saa sinia linakauka! Nikasema ama huyu makoti anamwaga, ama nyumba hii ina mizimu yenye kiu."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Mimea ilikuwa inanenepa," alisema MaJola. "Sikutaka kukiri."

Waliketi pamoja sakafuni, mmoja ananuka taka, mwingine nywele timtim, mpaka chai ikapoa.

* * *

Kutwa nzima matawi yalibaki yamelala. Mengine hayakuamka kabisa. Jumamosi asubuhi tawi moja lilikuwa limesimama, na Jumapili, Nosakhele alipoinua chupa, aliona kwenye sahani nyeupe vumbi la manjano, kidogo tu, kiasi ambacho chafya moja ingelimaliza. Alimwita mama mkwe kwa kunong'ona. MaJola hakwenda kanisani siku hiyo.

Walizima feni. Walichovya brashi ya Lwandle ya kuchorea kwenye lile vumbi. Mkono wa MaJola ulitetemeka mno, vumbi likamwagika kwenye kanga yake.

"Mama, nipe mimi," alisema Nosakhele. Hakusema mwalimu anasema.

MaJola alimpa. Nosakhele alipaka nywele nyeupe, tawi moja kwenye kila jike, basi, kwa kuwa zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, huku mama mkwe ameshika taa ya simu na kuzuia pumzi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Gumede alikuja na biblia na uso mrefu kuuliza habari za lori, akaondoka amekunywa chai ya tangawizi na kuahidiwa chupa ya dawa ya kuchua magoti. Zwelakhe alinunua umeme bila kunung'unika. Maua yaliiva, nywele zikageuka rangi ya kutu, na siku moja MaJola alivunja kikonyo kimoja cha maua juu ya sahani, akakisugua kwa kidole gumba.

Zilidondoka mbegu, za kijivu zenye mistari myeusi, ngumu. Hazikuwa nyingi. Zilitosha kujaza kijiko.

MaJola hakuzifunga kitambaani. Alimwita Nosakhele, akauchukua mkono wake, akazimimina kiganjani.

"Hii ilikuwa ya MaNgwanya," alisema. "MaNgwanya akampa MaDlomo, mke wa mwanawe. MaDlomo, mama mkwe wangu, akanipa mimi, MaJola. Sasa ni ya MaMofokeng."

Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwita kwa ukoo wa baba yake ndani ya nyumba ile. Nosakhele alifunga vidole juu ya mbegu.

"Nilidhani utawapa mawifi zangu."

"Wale? Wale huniambia 'sawa, Mama' kwa kila kitu. Sijawahi kujua wanachofikiri."

"Na mimi, Mama? Nitampa nani?"

MaJola aliufunika mkono ule kwa mkono wake.

"Atakuja mmoja," alisema. "Atakuharibia kitu chako unachokipenda, halafu atakuambia kwa mdomo wake mwenyewe. Usitafute mwingine. Huyo huyo mpe."